Ukienda Lisbon kwa wikendi, futa nusu ya orodha yako

Watu wakipata siku mbili tatu za kutembea Ulaya hukimbilia Paris au London. Mimi nikiulizwa husema nenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Uwanja wa ndege uko mjini, metro inakufikisha katikati, na kwa sisi watu wa pwani kuna mambo kule yanayotuhusu. Ila usiende na orodha ya vivutio ishirini. Mji wote ni vilima. Ukivikimbiza vyote utarudi na maumivu ya magoti na picha usizokumbuka ulizipigia wapi.

Anza na Belém, mtaa wa kando ya mto, asubuhi mapema, na isiwe Jumatatu kwa sababu monasteri ya Jerónimos hufungwa. Wengi hubanana kwenye tramu namba 15. Mimi huchukua treni ya kwenda Cascais pale kituo cha Cais do Sodré. Hakikisha tu inasimama Belém, maana za haraka hupita bila kusimama.

Ukiingia kanisa la monasteri, upande wa kushoto utakuta kaburi la Vasco da Gama. Amechongwa kwa jiwe, amelala chali, viganja vimekutana kifuani kama mtu anayeomba, na ubavuni mwa kaburi kuna jahazi la matanga. Watalii hupiga picha wakapita. Wewe simama kidogo. Huyu ndiye aliyetia nanga Mombasa Aprili 1498, mambo yakaharibika, akasogea Malindi, akapokewa vyema na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Alifia Kochi, India, mwaka 1524, na mifupa yake ikaletwa Ureno baadaye. Hapo nje, ukingoni mwa mto, kuna mnara mkubwa wa mabaharia uliojengwa 1960, enzi za dikteta Salazar, na wote wamesimamishwa kama mashujaa watupu. Sisi tuliokulia karibu na Fort Jesus tunaijua sehemu ya pili ya hadithi hiyo. Utazame, lakini kwa macho yako.

Vikeki vya krimu ya mayai vinavyouzwa hapo tangu 1837 ni vitamu kweli. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ingia ndani utafute meza.

Siku nyingine ipe Alfama, mtaa wa kale wa kilimani. Tramu 28 ndiyo maarufu, na ndiyo wezi wa mifukoni wanayoipenda. Kama huwezi kuiacha, ipande kwenye uwanja wa Martim Moniz alfajiri. La sivyo chukua basi 737 kutoka Praça da Figueira hadi juu kwenye ngome, kisha shuka kwa miguu, taratibu, hadi mtoni. Kupanda ni kazi ya basi. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwa kuwa mawe ya njia za miguu yamelainika na mvua ikinyesha yanateleza vibaya.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni magofu ya kanisa la Carmo. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa, tetemeko liliuangusha mji, bahari ikafurika, kisha moto ukamaliza. Paa la Carmo lilianguka na halikurudishwa. Unasimama kati ya nguzo, unainua kichwa, na juu ya matao ni anga tupu. Ukishuka Baixa, sehemu ya chini ya katikati ya mji, utaelewa kwa nini mitaa ile imenyooka: ilijengwa upya baada ya siku hiyo.

Chakula kisikutishe. Mikahawani utaona sambusa, wao huziita chamuças, zilizofika na watu wa Goa na Msumbiji. Kama unakula halali, uliza nyama kwanza, au nenda maeneo ya Martim Moniz. Msikiti mkuu, uliofunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Mkate na zeituni unazowekewa mezani bila kuagiza si zawadi. Ukigusa unalipa, huvitaki, mwambie mhudumu avitoe.

Jioni, panda kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas. Ni dakika kumi hivi, na ni cha wananchi wanaotoka kazini, kama Likoni bila magari. Mji mzima unaupata kwa nauli ya kawaida, pamoja na daraja la 1966 lililoitwa Salazar hadi mapinduzi ya 1974 yalipolibadilisha jina. Kadi ile ile ya usafiri unayojazia pesa inatumika kwenye metro, basi, treni na kivuko, ila kila mtu awe na yake.

Siku ya kurudi, kama ndege yako inaenda nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, usikae mjini hadi dakika ya mwisho. Metro ni ya haraka, foleni ya pasipoti si lazima iwe hivyo.