Bibi hakuwa na dharau

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Uliandika kwenye daftari la zamu kwamba bibi unayemtunza, alipoonyeshwa picha ya mjukuu wake, "smirked". Msimamizi akakuita kukuuliza kama bibi alikuonyesha dharau. Wewe ulitaka kusema alitabasamu kidogo tu, na kamusi imeandika "tabasamu". Unaniuliza kosa liko wapi.

Kamusi imekukatia maneno. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa safi, maana yake kutabasamu, basi. Baadaye "smile" likatwaa nafasi hiyo, na "smirk" likabakiwa na tabasamu la mtu anayejiona, anayefurahia kukuzidi. Ukimwandikia mgonjwa neno hilo, umemshtaki.

Tazama sisi tunavyofanya. Kitenzi ni kimoja, tunakigeuza mwisho wake. Nikikuchekea, nimekukunjulia uso. Nikikuchekelea, pengine nafurahia kuanguka kwako. Herufi mbili tu! Mwingereza hana viambishi hivyo, kwa hiyo kila kicheko amekipa neno lake, na hukumu yake imo humo humo ndani. "Chuckle" ni kicheko cha chini kinachoishia kooni, kama cha babu yako akisikiliza redio peke yake, hakina ubaya. "Snigger" nacho ni cha chini, ila kuna mtu anachekwa kwa siri. Hayo mawili nakuomba usiyachanganye kamwe. "Giggle" unalijua tangu bwenini: mmoja akianza, chumba kizima hakilali.

Na "grin" lisikudanganye. Zamani lilikuwa kutoa meno kwa maumivu au hasira, kama "kukenua" kwetu. Lakini leo kwao ni tabasamu pana, la furaha au utundu, ilhali ukimwambia mtu hapa nyumbani "unakenua", umemtukana.

Sasa nieleze, uso wa bibi ulikuwaje? Kama ni midomo tu iliyocheza, andika "she smiled", inatosha. Kama uso wote ulichanua alipomwona mjukuu, andika "she beamed". Ni neno lile lile la mwale wa jua.

Lile la kwanza usilifute. Lipige mstari mmoja lisomeke, andika sahihisho kando, tia sahihi na tarehe. Fanya hivyo kesho asubuhi, kabla zamu nyingine haijamsoma bibi wa watu vibaya.

Mama yako