Hakuniuliza habari za kazi

Wiki hii mmeuliza: "Je, udugu na ujirani bado ni kinga ya msongo wa mawazo kwa vijana?" Swali limenikaa kooni tangu Jumatatu. Mimi ningeuliza hivi: ni jirani yupi, na akija anakuja na neno gani? Maana walioniumiza mimi ni majirani hao hao.

Nilimaliza chuo 2019, nikarudi nyumbani Tanga, Ngamiani. Anayezijua zile barabara za namba anajua huwezi kufika sokoni bila kusalimiana na watu kumi, na kila salamu ina mkia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kazi vipi, bado?" Hawakuwa na ubaya. Wengine walinichangia nauli ya kwenda chuo, wana haki ya kuuliza, na hapo ndipo palipouma. Mwaka wa pili nikawa natoka usiku tu, kisha nikaacha kutoka kabisa. Usiku silali, mchana sinyanyuki, chakula kinapoa mlangoni. Siku moja nikasikia dirishani jirani akimshauri mama anipeleke kwa mganga. Mwenzake akasema huyo ni wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Sasa niwaeleze Babu Fundi. Ana kibanda cha baiskeli chini ya mwarobaini, kona ya pili kutoka kwetu. Mama alinituma nipeleke baiskeli ya marehemu baba ikazibwe pancha. Nilikwenda alfajiri ili nisikutane na mtu. Nikamwamkia, akaitikia, akanisukumia karai la maji. "Zungusha taratibu. Pancha ndogo haijionyeshi." Nikaushika ule mpira wa ndani, umeshajazwa upepo, nikauzamisha majini kipande kwa kipande. Mzunguko wa kwanza hamna. Wa pili hamna. Wa tatu, karibu kabisa na valvu, vikatoka vipovu vidogo vidogo, vimeshikana kama shanga. Akanipa msasa, nikasugua. Nikapaka solusheni, nikataka kubandika kiraka, akanizuia mkono. "Iache ikauke kwanza." Basi tukakaa. Labda dakika tano, mimi na mtu mzima, hakuna aliyesema kitu, maji yametulia karaini. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo kukaa na mtu bila kutakiwa kujieleza. Nikabandika, akagongagonga kwa nyundo, akasema, "Kesho kuna baiskeli nne."

Nikaenda. Habari za kazi hakuniuliza hata siku moja, na mpita njia akiniuliza, anajibu yeye: "Si unamwona yuko kazini?" Wiki ya tatu nikamwambia mwenyewe kwamba silali, na kwamba kuna usiku nayaogopa mawazo yangu. Akaweka spana chini. Kesho yake hakufungua kibanda. Alinisindikiza hospitali ya Bombo, akakaa kwenye benchi la nje mpaka nilipotoka kwa daktari.

Baadaye nilisoma habari za Harare, ambako daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa benchini nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa. Kwa Kishona hali hiyo wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Kwetu tunasema "ana mawazo", na tukishasema tunaendelea na safari zetu. Babu Fundi hakufundishwa na mtu. Alijua tu kunyamaza.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ujirani ni sumu. Sasa siwezi, ingawa sitaki mtu asome akadhani kibanda ndicho kilichoniponya. Dawa nilimeza miezi kadhaa na kliniki nilihudhuria. Ila bila yule mzee nisingefika hata getini.

Na kuna jambo linaninyima raha. Dada yangu alipitia hali kama yangu mwaka jana. Hakuwa na mwarobaini wa kwenda kukaa, maana msichana akishinda kibandani na wanaume mtaa mzima utasema. Yeye haulizwi kazi, anaulizwa ndoa, na wanaouliza ni wale wale. Mkitaka ndiyo au hapana, jibu langu ni ndiyo, lakini naomba msilichapishe bila habari ya dada yangu.