Mkuu, hiyo hela ya kununua wafuasi irudishe mfukoni

Simama hapo hapo. Umesema unataka kununua wafuasi elfu kumi ili duka lako la mtandaoni lionekane lina watu kabla ya kulipia matangazo. Usithubutu.

Mimi nilinunua. Jamaa aliyejiita mtaalamu wa masoko aliniambia mteja hufuata palipo na watu. Hapo hakudanganya, wengi tunanunua kwa kuangalia wenzetu. Alichonificha ni kwamba mitandao hii haijali una wafuasi wangapi, inaangalia wanafanya nini. Ukipost, picha inaonyeshwa kwanza kwa baadhi tu ya wafuasi wako. Wakitulia kuitazama, wakikomenti, wakiwatumia wenzao, inasukumwa mbele. Wangu walikuwa maboti, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu za kompyuta, si watu, hakuna aliyegusa kitu. Matokeo yake, hata wateja wangu halisi, wale wachache waliokuwa wananunua kweli, wakaacha kuona ninachopost.

Nikazidi kujichimbia: nikalipia matangazo yawafikie watu "wanaofanana na wafuasi wako". Mfumo ukatii! Ukaniletea wa aina ileile, wanaobonyeza kila kitu na hawaulizi bei. Mtaji ukaisha nikitangaza viatu kwa viumbe wasio na miguu. (Cheka tu, mimi nilishacheka nikamaliza.)

Nikamrudia yule mtaalamu. Unajua alifanya nini? Akaniuzia kifurushi cha komenti. "Safi sana kaka" chini ya picha ya viatu vya kina mama, mara kumi na kitu. Mnunuzi mwenye akili akisoma vile anajua kabisa kuna utapeli, anaondoka kimya. Mshenzi yule hadi leo anafundisha watu "kukuza chapa".

Na usidanganywe kwamba wafuasi bandia wa siku hizi hawagunduliki. Instagram ilifagia akaunti bandia Desemba 2014, mastaa wakubwa wakapoteza wafuasi kwa mamilioni. Marekani nako, FTC, tume ya serikali inayolinda wateja, mwaka 2024 ilipitisha kanuni inayokataza kuuza na kununua wafuasi bandia kwa faida ya biashara.

Lipia bidhaa ionekane, usilipie namba. Narudia: usilipie namba. Hata ukiwa na wafuasi themanini, kama wanauliza "saizi 39 ipo?", una biashara.

Mambo uliyouliza ya mtandao upi na saa za kupost, wengine humu watakujibu. Kama umeshalipa, anza kuwafuta leo. Mimi nilifuta mmoja mmoja mpaka vidole vikauma, mwishowe nikafungua ukurasa mpya.