Shika mstari wako, mdogo wangu

Wikendi iliyopita, kwenye mbio za magari za masafa marefu, nilisimama kwenye ukuta wa piti, pale magari yanapohudumiwa, nikimtazama dereva wetu mpya wa GT, yale magari ya mbio yanayofanana na ya barabarani. Bendera ya bluu ikapungwa, prototaipu mbili, yaani magari ya kasi zaidi yaliyoundwa kwa mbio tu, zikamjia nyuma, naye katikati ya kona akahamia nje ili awapishe wakubwa. Yule wa kwanza alikuwa ameshaamua kupita hukohuko nje. Walikosana kwa upana wa kiganja. Kijana akarudi gereji akitabasamu: "Kaka, umeona nilivyompisha?" Nilishindwa kumgombeza, maana niliyemwona pale ni mimi wa zamani. Nawapenda sana, wadogo zangu, lakini kosa hili mmelirudia mno.

1. Bendera ya bluu ni taarifa kwamba mwenye kasi amefika. Kupita ni kazi yake. Wewe nenda palepale anapotarajia uende, yaani kwenye mstari wa mbio, ile njia ya haraka zaidi ya kupita kona, na ufunge breki palepale unapofungaga siku zote. Fanyeni hesabu: mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 2024 yalianza magari 62: prototaipu za madaraja mawili, Hypercar 23 na LMP2 16, na GT (LMGT3) 23, kwenye njia ya kilomita 13.626. Hypercar anaimaliza kwa dakika tatu na nusu hivi, wewe wa GT karibu dakika nne. Kwa hiyo utapitwa kama mara nne kila mzunguko, mchana na usiku. Ukiwa na tabia ya kumhamia kila anayekuja, hadi alfajiri utakuwa umecheza kamari mara mamia.

2. Taa za usiku kwenye kioo hazikuambii umbali, kwa hiyo zoeeni kuangalia zinavyokua.

3. Sasa nisikilizeni. Ilikuwa mbio ya saa 24, saa ya 14, jua linachomoza nyuma yetu na kujaa kwenye vioo. Tulikuwa wa tatu katika daraja letu. Nilikuwa zamu ya pili mfululizo kwa matairi yaleyale, ya kushoto yamechoka, gari linateleza mbele kila kona ndefu. Mzunguko uliotangulia nilikuwa nimemchelewesha jamaa mmoja wa prototaipu, naye aliponipita alininyooshea mkono kwa hasira. Ule mkono uliniingia moyoni. Nikajiambia, anayefuata nitampisha kistaarabu.

Mhandisi akaniita redioni: "Prototaipu nyuma." Nikatazama, nikaona taa. Mbele yangu palikuwa na kona mbili za kasi, kulia kisha kushoto, mahali ambapo mstari ni mmoja tu. Nikatoka kwenye mstari nikiwa bado kona ya kwanza, nikaingia kwenye vumbi na vipande vya mpira vilivyotapakaa. Prototaipu ikapita. Nilifurahi, naapa, nilifurahi kabisa. Matairi yalikuwa yamebeba uchafu na kona ya pili ilikuwa inakuja, nikarudi haraka kwenye mstari.

Zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa imejificha nyuma ya ile ya kwanza, pua kwa mkia, na dereva wake aliponiona nimetoka aliamini nimewapisha wote wawili. Nilimgonga ubavuni. Akazunguka, mimi nikafuata, sote wawili tukaishia ukutani. Injini ikazima, na redioni nikasikia jina langu likiitwa mara tatu kabla sijapata sauti ya kujibu.

Madereva wote wawili tulitoka salama, namshukuru Mungu hadi leo. Gari lake lilikuwa linaongoza daraja lake. La kwetu, mafundi walikuwa wamelibadilishia breki usiku huohuo bila kupoteza nafasi. Niliporudishwa gereji, fundi wa gurudumu la mbele kushoto alikuwa bado amesimama na tairi jipya mikononi, akinisubiri kwa ajili ya zamu iliyofuata. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aliweke chini.

Jioni nilikwenda gereji ya wenzetu kuomba radhi. Yule dereva alinikaribisha chai, akaniuliza kwa upole kwa nini nilihama. Nikamwambia nilitaka kumsaidia. Akanyamaza, kisha akasema baada ya ile kona kilikuwepo kipande cha njia kilichonyooka, na alikuwa amepanga kunipita huko bila haraka yoyote. Sekunde mbili tu angepoteza. Nilitembea nikirudi kwetu nikilia, na miezi mingi iliyofuata niliamka usiku nikiona ule ubavu wa gari ukija kwenye dirisha langu.

4. Mhandisi akisema "nyuma yako", muulize wangapi. Asipojua, hesabu mwenyewe.

5. Nanyi wa prototaipu msijifiche. Wa GT haoni vizuri, amebanwa na pambano lake, na ana haki ya kuichukua kona. Audi mwaka 2011 walifika Le Mans na magari matatu. Saa ya kwanza dereva wao Allan McNish aligongana na Ferrari ya GT akaruka hadi kwenye vizuizi vya matairi. Usiku Mike Rockenfeller naye akagusana na Ferrari nyingine kwa kasi kubwa, gari likabaki vipande. Wote walitoka hai. Gari la tatu lilishinda kwa sekunde 13.854, baada ya saa 24! Kila ninapoona mtu anajichomeka upande wa ndani wa GT kwenye kona kwa sababu ya nusu sekunde, nakumbuka mabaki ya yale magari mawili.

6. Taa ya mwisho wa piti ikiwa nyekundu, tii taa peke yake. Le Mans mwaka 2017 dereva Kamui Kobayashi, aliyekuwa ameshika nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa 3:14.791, alisimama pale na Toyota namba 7 ikiwa inaongoza. Mtu mwenye nguo ya rangi ya chungwa akamwonyesha dole gumba. Kobayashi akamdhani ofisa, akaondoka. Timu ikamwamuru asimame. Yule alikuwa dereva wa timu nyingine aliyetaka kumtakia heri. Kwa kuondoka na kusimama mara kadhaa klachi iliungua, na usiku uleule gari likafia njiani.

7. Lala hata kama huna usingizi. Sheria ya Le Mans inakataza kuendesha zaidi ya saa 4 ndani ya saa 6, au zaidi ya saa 14 kwa jumla, na waliotunga hawakuwa na mchezo.

8. Kubadilishana madereva. Hapa nimechoka kusema. Anayetoka alegeze mikanda akiwa anaingia piti, achomoe waya wa redio na bomba la maji ya kunywa, kisha amfungie mwenzake mkanda wa bega la mbali. Juzi nimewaona wawili wanagombania kifungio kimoja cha mkanda huku mafuta yameshajaa. Ijumaa jioni gari litakuwa nyuma ya gereji, milango wazi. Njooni na helmeti zenu, tutafanya mara thelathini, na mimi ndiye nitakayeshika saa.