Kabla ya Kubandika Stika, Uliza Rangi Ilipigwa Lini

Kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa Coaster moja iliyotoka gereji asubuhi ikiwa bado inanukia thina. Mwenye gari alitaka iingie barabarani kesho yake. Nikabandika pande zote mbili, ikapendeza. Siku ya tatu akapiga simu: stika imejaa malengelenge kama mkono ulioungua. Nikadhani vinili, ile plastiki nyembamba ya stika, ni mbovu, kumbe kosa ni langu. Rangi hukauka juu kwanza, huku ndani ikiendelea kutoa mvuke wa thina kwa siku nyingi. Ukiifunika kwa vinili, mvuke unakosa pa kutokea, unaisukuma gundi. Nilipoibandua, rangi ikatoka nayo. Gharama nikabeba mimi.

Tangu hapo, wadogo zangu, swali langu la kwanza kwa mteja ni "Rangi ilipigwa lini?" Gari lililopigwa rangi bila kuokwa kwenye tanuri nalisubiri wiki mbili, na msimu wa mvua tatu. Ukuta wa rangi ya maji nausubiri mwezi. Ukisogeza pua na kusikia thina, bado. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha ukubwa wa kiganja, kiache juani siku nzima. Kikitoa mapovu, mwambie mteja asubiri, hata akinuna.

Kuta zina mtihani wake. Rangi ya bei nafuu ikizeeka hutoa unga. Pitisha kiganja, kikitoka cheupe, stika itashika unga, ukuta haitaugusa. Osha, na unga ukiendelea, ukuta upigwe rangi upya. Zile rangi zinazosifiwa kwamba hazishiki uchafu, mara nyingi hazishiki gundi pia. Zijaribu kwa kipande, ukivute baada ya saa 24, ndipo ukate kazi nzima.

Usisafishe kwa petroli, huacha mafuta. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha, kisha pitisha spiriti ya isopropili, sehemu 7 kwa 3 za maji. Ifute kwa kitambaa kikavu kabla haijakauka yenyewe, la sivyo uchafu unarudi palepale. Kwenye kingo na kuzunguka vitasa rudia, maana huko ndiko mafuta hujificha.

Na jua la Dar la saa sita! Bodi ikiwa ya moto, gundi inanasa kabla hujanyoosha, vinili inalegea na kuvutika. Ikipoa inajirudi, kingo zinanyanyuka. Bandika asubuhi, au kivulini. Gundi hii hushika kwa kukandamizwa, basi sukuma kibao cha plastiki toka katikati kwenda pembeni, kila mstari ukipanda kidogo juu ya uliotangulia. Ukishaondoa tepu ya kuhamishia, ile iliyobeba stika toka kwenye karatasi yake, zipitie kingo zote tena kwa nguvu. Kisha mwambie mwenye gari asilipeleke kuoshwa kwa mashine ya presha kabla ya siku tatu.