Mkanda wa taimingi umekatika: usipige stata tena

Ndugu yangu, kama Hilux yako ya dizeli imezimika ghafla ukitoka Sake kurudi Goma, na fundi amekuta mkanda wa taimingi umekatika, mwambie asifunge mpya na kuwasha hapo hapo. Tafadhali sana.

Mkanda ukikatika, kamshafti (mhimili unaofungua vali, yaani milango ya hewa na moshi) husimama, lakini krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) huendelea kuzunguka kwa mwendo uliobaki. Vali zilizokutwa wazi hugongwa na pistoni. Kwenye dizeli nafasi kati yao ni ndogo mno, kwa hiyo karibu kila mara kuna vali iliyopinda. Wakati mwingine pistoni nayo hutoboka. Kila ukijaribu stata unaongeza madhara.

Injini za petroli zinatofautiana. Injini ya 3S-FE ya RAV4 za zamani huwa inapona, maana pistoni haifiki kwenye vali. Injini ya 1NZ ya Toyota haina mkanda wa taimingi kabisa, ina cheni.

Kwako: afunge mkanda akifuata alama, kisha azungushe krankishafti kwa spana, kwa mkono, mizunguko 2 kamili. Ikikwama, asilazimishe, afungue silinda hedi (sehemu ya juu ya injini yenye vali). Ikizunguka vizuri bado apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda kabla ya kuwasha, kwa sababu vali iliyopinda kidogo haizuii mzunguko ila inavujisha hewa.

Na ukibadilisha mkanda, badilisha rola ya kukaza pia. Oili ikivuja pale mbele, sili (mpira unaozuia oili) nayo ibadilishwe, la sivyo mkanda mpya utaloa na kuharibika mapema.