Muulize Kocha: Siku uliyoikosa si deni

SWALI

Shikamoo Kocha. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nauza vitenge Kariakoo na nimepanga chumba na sebule Mbagala. Tangu mwaka jana nimeanza programu moja ya mazoezi makali ya nyumbani, ya siku 60, na nimeianza mara nne. Naifuata kwenye simu: siku sita kwa wiki, Jumapili mapumziko, dakika 40 mpaka saa nzima, kuruka tu mwanzo mwisho. Mara ya kwanza niliishia siku ya 9. Mara ya pili siku ya 14. Mara ya tatu mtoto aliumwa homa, nikakosa siku tatu, nikaona nimeshaharibu, nikaacha. Mara ya nne jirani wa chumba cha pili aligonga ukuta saa kumi na moja alfajiri akauliza kama natwanga kisamvu. Usiku nakunywa chai ya rangi tu ili tumbo liishe upesi. Kaka yangu ananiita mwanariadha wa wiki mbili. Jumatatu naanza tena siku ya 1, na safari hii bila huruma. Nifanyeje nisiachie njiani?

*Mama Wawili, Mbagala*

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka kwenye kisamvu. Nilipofika kwenye "bila huruma" kicheko kikaisha, maana hiyo huruma ndiyo iliyokosekana mara zote nne.

Mtu aliyeruka siku 14, kutwa amesimama dukani, na usiku amelalia chai ya rangi, mimi simwiti mvivu. Kaka yako mwambie apige siku tatu tu za programu hiyo, kisha aniandikie yeye mwenyewe.

Naijua hadithi yako kwa sababu imeshanikuta. Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 41, mwalimu wa michezo shule ya msingi, filimbi shingoni, nikiamini mwili wangu naujua. Nikanunua sidii za programu ya aina hiyo kwa kijana mmoja Kariakoo, nikasukuma makochi ukutani, sebule ya Magomeni ikawa jimu. Siku ya 12 ikaja habari ya msiba Tanga. Nikakaa kule siku nne. Kurudi nyumbani nikaona nadaiwa siku nne, na mimi sipendi kudaiwa. Jumamosi nikapiga mbili, Jumapili mbili. Jumatatu daladala nilipanda vizuri. Kushuka ndiko kulikonishinda: goti halikunji, nimeng'ang'ania bomba la mlangoni, konda anagonga bodi, "Bimkubwa, shusha mguu, tunachelewa!" Nikashuka kinyumenyume kama mtoto anavyoshuka kitandani. Goti la kushoto likavimba. Wiki sita sikuruka hata kamba, na darasa la sita wakapata mchezo mpya wa kuniigiza nikitembea.

Kwa hiyo nisikilize: siku uliyoikosa imekwenda, hailipwi. Mwili haujengeki wakati unaruka. Ukiruka unauchosha na kuuchubua, unajijenga baadaye umelala, umekula. Maumivu ya misuli baada ya zoezi geni hufika kileleni kati ya saa 24 na saa 72. Ukirundika mazoezi ya siku mbili kwa siku moja, zoezi linalofuata linakukuta hujapona, na linalofuata hilo linakukuta umeshaanza kulichukia. Wengi hawaachi kwa kukosa siku moja. Wanaacha siku wanapojaribu kuilipa.

La pili, hizi programu zilipikwa kwa ajili ya nani? Chukua hii staili ya sekunde 20 kali, sekunde 10 kupumzika, raundi nane, dakika nne umemaliza, ambayo kila kijana wa tizi anaijua kwa jina la Tabata. Profesa Izumi Tabata wa Japani alichapisha utafiti wake mwaka 1996, na staili yenyewe ilitoka kwenye mazoezi ya timu ya taifa ya Japani ya mbio za kuteleza kwenye barafu. Aliowapima walikuwa vijana wanafunzi waliokuwa wanamichezo tayari, juu ya baiskeli ya kupimia, si mama mwenye mzigo wa vitenge kichwani. Na lile zoezi la kuchuchumaa, kurusha miguu nyuma, kurudi na kusimama, wanaloliita burpee? Royal Burpee, Mmarekani, alilibuni miaka ya 1930 liwe kipimo kifupi cha uzima wa mwili. Unalifanya mara nne, unapimwa mapigo ya moyo, unakwenda zako. Mara nne! Leo video inakuambia ufanye 30 na mtangazaji anatabasamu.

Sisemi programu ni mbaya. Ile ile iliyonivimbisha goti niliimaliza baadaye, somo kwa somo. Ila siku zake 60 nilizimaliza kwa miezi mitano kasoro, kwa kufanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hakuna polisi aliyekuja kuniuliza kwa nini nimechelewa.

Wewe fanya hivyo hivyo: siku tatu kwa wiki, dakika 25 kila siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 75 za mazoezi makali kwa wiki, au 150 za wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Piga hesabu ya tatu mara 25 utaona nimeitoa wapi. Siku zilizobaki una kazi yako ya kupanda na kushuka ngazi za Kariakoo na mzigo, nayo nadhani inatosha kabisa. Video ikifika dakika ya 25, funga. Hata kama wamebakiza "raundi ya mwisho". Hasa hapo ndipo ufunge, ukiwa bado unatamani kidogo.

Makali yake yapime kwa mdomo. Katikati ya zoezi uweze kutoa maneno matatu manne kwa kuhema: "Nirudishie... sufuria... yangu." Ukiweza kuimba, ongeza moto. Ukishindwa hata kusema "maji", punguza, na usione aibu maana hakuna anayekutazama.

Sasa jirani. Mimi namwunga mkono jirani. Alfajiri ile kuta za nyumba za kupanga zinapitisha hata mtu akipiga chafya. Lakini kuruka si lazima ili moyo uende mbio. Pale wanaporuka kichura, wewe chuchumaa taratibu ukihesabu tatu, inuka kwa kasi bila nyayo kuacha sakafu. Pale wanaporusha miguu nyuma, peleka mmoja mmoja. Pale wanapokimbia papo kwa papo, panda na kushuka kwenye kizingiti au kigoda imara. Ongeza pushapu za magotini kwenye mkeka. Nakuhakikishia jasho litatoka lile lile, na magoti yatakushukuru ukifika umri wangu.

Na alfajiri yenyewe iache kama si yako. Umesema unarudi saa ngapi? Hukusema, ila nadhani saa moja jioni huwa umefika. Mimi nilipata mwokozi kwenye maharage. Nikishayabandika jikoni, najua nina zaidi ya saa moja ambayo siwezi kwenda popote. Basi maharage yakichemka mara ya kwanza, navaa raba. Sikuweka kengele ya simu wala sikujiahidi kitu: yakichemka, raba. Siku za kunde nazo vile vile. Watoto wangu walifika mahali wakawa wananiita wenyewe, "Mama, yamechemka!" Wewe tafuta jambo lako ambalo halikosekani jioni, liwe la kupikia au la kuteka maji, zoezi ulifunge hapo. Chombo kiwe mbali na njia ya wadogo, hilo sihitaji kukuambia.

Utasikia watu wanasema mazoea yanajengeka kwa siku 21. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo moja dogo kila siku, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Wengine jambo liliwakaa ndani ya siku 18, wengine ilikadiriwa lingechukua siku 254, katikati ikawa kama siku 66. Na jambo ninalolipenda zaidi humo: kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Wewe ulikosa tatu kwa ajili ya homa ya mtoto, ukajihukumu kifungo.

Ndiyo maana Jumatatu usianze siku ya 1. Siku ya 1 umeshaifanya mara nne, inakukumbusha kushindwa tu. Anzia siku ya 8, kwa dakika 25 na mabadiliko niliyokupa. Na andika zoezi kwenye karatasi, ubandike nyuma ya mlango: majina ya mazoezi, mara ngapi, basi. Bando likiisha au umeme ukikatika, karatasi haikatiki. Kila ukimaliza weka alama ya kalamu. Siku ya kukosa usiweke msalaba mwekundu, acha wazi tu.

Kuhusu chai ya rangi nitakuwa mkali kidogo. Tumbo haliishi kwa kulinyima chakula usiku wala kwa kuruka hadi lichoke. Mafuta hupungua mwili mzima, na mwili ndio unaochagua uanzie wapi. Mimi ulianzia usoni, watu wakaniuliza kama naumwa. Kula ugali wa ukubwa wa ngumi yako, dagaa au hayo maharage, mchicha mwingi. Soda na maandazi ya saa nne dukani ndiyo ya kuyatazama kwa jicho baya. Umeishia siku ya 9 na ya 14 kwa sababu kibatari kiliishiwa mafuta, na wewe ukalaumu utambi.

Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au goti linauma kwa kuchoma badala ya kuchoka, simama siku hiyo hiyo na umwone daktari. Kama una presha au ulijifungua karibuni, mwone kabla ya Jumatatu.

SWALI

Kocha mambo vipi. Mimi na wenzangu wa hosteli hapa Dodoma tumewekeana changamoto ya kichura 300 kila siku kwa mwezi. Leo siku ya tatu, mapaja yamevimba na kukaza hadi siwezi kukaa chooni, na mkojo umekuwa rangi ya koka. Nimekunywa maji mengi. Niendelee au nipumzike siku moja?

*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU

Ujumbe huu sikuusubirisha toleo. Nilimjibu usiku ule ule: nenda hospitali sasa hivi, mwenzako akusindikize, mwambie daktari idadi ya kichura bila kuona haya. Alikwenda, akalazwa, akawekewa dripu, siku ya tano akaruhusiwa. Ameniruhusu niuchape.

Misuli ikipigwa kupita kiasi kwa ghafla hupasuka na kumwaga protini yake kwenye damu, na figo ndizo zinazobeba mzigo wa kuichuja. Zinaweza kushindwa. Mkojo wa kahawia baada ya mazoezi, pamoja na misuli iliyovimba na kukaza, si uchovu wa kawaida na haungojewi mpaka kesho, hata kama umekunywa ndoo nzima. Na ninyi vijana, kichura tangu zamani ni adhabu. Aliyeamua kuifanya mara 300 kwa hiari nadhani hakuwahi kusoma shule yangu.

SWALI

Kocha, mfungo wa Ramadhani ukifika huwa naacha kabisa tizi la nyumbani, na baada ya Idi sirudi tena. Kuna njia?

*Baba Salma, Tanga*

JIBU

Ipo, ila ikubali kuwa ndogo. Mwezi mzima usitafute maendeleo, tafuta kutopotea tu. Dakika 15 za nguvu, bila mbio: kuchuchumaa, pushapu, planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka), mara mbili au tatu kwa wiki. Wengine hufanya nusu saa kabla ya adhana ya magharibi ili wakimaliza wafuturu. Wengine baada ya tarawehe, tumbo likishatulia. Mimi ningechagua baada ya tarawehe, kwa sababu maji ya kunywa yapo karibu. Siku ya tatu ya Idi rudi na nusu ya ulichokuwa unafanya Shaabani.

SWALI

Nyumbani nifanye na raba au peku? Sakafu ni ya saruji.

*Bila jina, Mwanza*

JIBU

Ya kuruka, raba. Ya mkekani, peku. Kandambili usithubutu: mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu kushonwa kidevu.